Bomba Ndani ya Ukuta: Kwa Nini Majengo Mengine Hubadilika na Mengine Huishia Kubomolewa

Fundi bomba anayetafuta uvujaji huanza kwa sikio. Hugonga vigae kimoja kimoja kwa mpini wa patasi, husikiliza pale mlio unapogeuka kuwa mzito, kisha huweka alama ya penseli. Tatizo lenyewe mara nyingi ni dogo: kiungo cha bomba kimechoka, na kukibadilisha ni kazi ya robo saa. Lakini kabla ya robo saa hiyo kuna siku nzima ya kuvunja vigae, kubandua lipu na kuchimba tofali, na baada yake kuna siku mbili za kurudishia. Mwishoni bomba ni jipya, na katikati ya ukuta kuna kiraka cha vigae visivyolingana na wenzake, maana toleo lile la zamani halitengenezwi tena.

Swali zima la majengo yanayokubali mabadiliko limo ndani ya kiraka hicho. Bomba lilikuwa na umri wake, ukuta una wake, na aliyejenga aliviunganisha kana kwamba vitazeeka siku moja. Jengo lenye mafungamano mengi ya namna hii huwa kama fundo: ukivuta uzi mmoja, mingine yote inakaza. Ndiyo maana tunaona majengo yenye msingi na nguzo imara kabisa yakibomolewa. Bado yana uwezo wa kusimama miaka mingi, ila kubadilisha kitu kimoja ndani yake kumekuwa ghali karibu sawa na kuanza upya.

Watu wengi wakisikia habari za jengo linalobadilika hufikiria kuta za kuteleza, sakafu zinazoinuka, vyumba vinavyokunjwa. Hayo yapo, na nitayagusa, lakini si kiini. Jengo linalobadilika ni lile ambalo sehemu moja inaweza kuondoka bila kuomba ruhusa kwa sehemu nyingine. Na neno ruhusa nalitumia kwa maana zote mbili: ruhusa ya zege na vyuma, na ruhusa ya watu wanaomiliki.

Kila sehemu na umri wake

Msanifu majengo Mwingereza Frank Duffy, ambaye kazi yake kubwa ilihusu ofisi, aliona kwamba kuliita jengo kitu kimoja ni kosa la hesabu. Aliligawa katika matabaka manne. La kwanza ni gamba, yaani nguzo, mihimili, slabu (sakafu za zege) na kuta za nje, ambalo hudumu miaka 50 au zaidi. La pili ni mitambo: nyaya, mabomba, viyoyozi, lifti. Hiyo huchoka au kupitwa na wakati katika miaka 15 hivi. La tatu ni viambaza, kuta nyepesi za kugawa vyumba, ambazo katika ofisi hubadilishwa kila baada ya miaka 5 hadi 7. La nne ni samani, ambazo huhama hata kila mwezi. Mwaka 1994 mwandishi Mmarekani Stewart Brand aliyapanua matabaka hayo yakawa sita: aliongeza kiwanja, ambacho hubaki hata jengo likiondoka, na akatenganisha kiunzi (nguzo na mihimili inayobeba jengo) na ngozi ya nje, kwa sababu ngozi hubadilishwa mapema zaidi kuliko nguzo.

Duffy alikokotoa jambo ambalo mwenye kujenga hapendi kulisikia: katika miaka 50, pesa zinazotumika kubadilisha mitambo na mpangilio wa ndani hufika takriban mara tatu ya gharama ya ujenzi wa awali. Sababu ni kwamba gamba hulipiwa mara moja, ilhali mitambo hulipiwa mara tatu na viambaza mara saba hadi kumi. Bei tunayoibishania siku ya kusaini mkataba na mkandarasi ni sehemu ndogo ya bei ya jengo.

Kutokana na hayo inazaliwa kanuni ambayo kila fundi anaweza kuielewa: kinachokufa mapema kisifungwe ndani ya kinachoishi muda mrefu. Bomba la maji lisizikwe ndani ya zege. Nyaya zipite kwenye njia yenye mfuniko unaofunguka. Dirisha lifungwe kwa skrubu kwenye fremu, wala lisiwe sehemu ya ukuta unaobeba mzigo. Na pale ambapo kazi inaweza kufanywa kwa bolti au kwa gundi, bolti ishinde, kwa sababu kitu kilichofungwa kwa bolti hutoka kizima na hufaa tena, na kilichogandishwa kwa gundi hutoka vipandevipande.

Mnara ambao ulikuwa na jibu, ukakosa mlango

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa kushindwa. Mwaka 1972, katika mtaa wa Ginza mjini Tokyo, ulikamilika mnara wa Nakagin uliobuniwa na msanifu Kisho Kurokawa. Ukiutazama kwa mbali ulifanana na mashine za kufulia zilizopangwa moja juu ya nyingine: visanduku 140, kila kimoja na dirisha la duara, vikining'inia kwenye shina mbili za zege zilizobeba lifti na ngazi. Kila kisanduku kilikuwa chumba kamili cha mtu mmoja, kilichotengenezwa kiwandani na kuletwa kikiwa na kitanda, bafu na meza ya kukunja. Kilifungwa kwenye shina kwa bolti nne tu.

Wazo lilikuwa safi kuliko yote tunayoweza kuyataja hapa. Shina lingedumu kwa miaka mingi, na visanduku vingebadilishwa kila baada ya miaka 25 hivi, kama mti unavyopukutisha majani. Kila tabaka lilikuwa na umri wake, na kilichokufa mapema hakikuzikwa ndani ya kinachodumu.

Hakikubadilishwa hata kimoja. Miaka 25 ilipita, ikafika 50, na mwaka 2022 mnara ukabomolewa. Visanduku 23 viliokolewa ili vitunzwe na kuonyeshwa kwingine.

Kilichotokea kina sura mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi. Bolti zilikuwa nne kweli, lakini nafasi kati ya kisanduku na jirani yake ilikuwa finyu mno, kiasi kwamba ili kutoa cha chini ilibidi kwanza uondoe vilivyo juu yake. Mabomba nayo yaliharibika mahali ambapo mkono wa fundi haufiki. Hatimaye maji ya moto yakakatwa kwa jengo zima, na kulikuwa na asbestosi, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, iliyofanya kila ukarabati uwe wa hatari na wa gharama. Sura ya pili ni ya umiliki, na naiona nzito zaidi. Kila kisanduku kilikuwa na mwenyewe. Kubadilisha kimoja kulihitaji wengine wakubali kuhama, walipe, na wasubiri kwa pamoja. Wamiliki walipopiga kura mwaka 2007, kura hiyo ilikuwa ya kubomoa.

Kwenye michoro, mnara ule ulikuwa jengo la kubadilika kuliko yote ya wakati wake. Katika maisha yake haukuweza kubadilisha hata chumba kimoja. Mchoro ulionyesha kwamba kisanduku kinaweza kutoka, na hakuna aliyeuliza kitatokaje siku ambayo jirani wa juu hayuko tayari.

Kibanda cha mbao kilichoishi miaka 55

Linganisha na jengo ambalo hakuna aliyelipenda kwa sura. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, chuo cha MIT nchini Marekani kilihitaji haraka mahali pa kufanyia utafiti wa rada. Likajengwa Jengo la 20: ghorofa tatu, mbao mwanzo hadi mwisho, la muda. Kwa kuwa mbao hazikukidhi masharti ya moto, ruhusa ilitolewa kwa makubaliano kwamba jengo liondolewe mara baada ya vita kwisha. Liliondolewa mwaka 1998.

Katika miaka hiyo 55 lilipokea karibu kila fani iliyokosa makao chuoni, kuanzia fizikia na vifaa vya sauti hadi isimu. Nyaya na mabomba yalipita wazi kwenye dari za korido, hivyo mtu aliyehitaji umeme zaidi aliunganisha. Aliyetaka chumba kikubwa aliondoa kiambaza. Mwanafizikia Jerrold Zacharias alipokuwa akitengeneza saa ya atomiki, mtambo wake ulikuwa mrefu kuliko chumba, basi wakaondoa sakafu mbili juu yake. Hapakuwa na kikao kirefu kuhusu hilo. Nani angelilia sakafu ya jengo lililokuwa likisubiri kubomolewa?

Natamani tusijifunze somo potofu hapa. Jengo lile lilikuwa na joto kali wakati wa kiangazi, lilipitisha upepo wakati wa baridi, na kwa usalama wa moto lisingekubalika leo. Ubovu wake haukuwa siri ya mafanikio. Siri ilikuwa kwamba kila kitu kilionekana, kila kitu kilifikika kwa mkono, na aliyekuwa ndani alikuwa na idhini ya kugusa. Yote matatu yanaweza kupatikana katika jengo zuri pia.

Msanifu Louis Kahn alilithibitisha hilo katika maabara za Taasisi ya Salk huko La Jolla, California, zilizokamilika mwaka 1965. Juu ya kila ghorofa ya maabara kuna ghorofa nyingine nzima ya mabomba na mitambo, yenye urefu wa mtu kusimama wima na kutembea. Mihimili mikubwa imepita ndani ya ghorofa hizo za mitambo, kwa hiyo maabara zenyewe hazina nguzo katikati. Mtafiti akitaka gesi mahali papya, fundi hupanda juu, huteremsha bomba kupitia tundu lililokwisha kuachwa kwenye slabu, na shughuli za chini haziharibiki. Ni anasa, sikatai: unalipia ghorofa ambayo hakuna anayeikalia. Lakini maabara ni mahali ambapo mitambo hubadilika kuliko kitu kingine chochote, na pesa ziliwekwa palepale penye mabadiliko.

Vipimo vinavyoamua kila kitu kimyakimya

Hapa ndipo mjadala unapopaswa kushuka kutoka kwenye falsafa hadi kwenye futikamba, kwa sababu uwezo wa jengo kubadilika huamuliwa na vipimo vichache ambavyo vikishamwagiwa zege haviguswi tena.

Urefu wa ghorofa ni wa kwanza. Nyumba ya kuishi huridhika na mita 2.5 au 2.7 kutoka sakafu hadi dari. Ofisi, zahanati au darasa vinahitaji zaidi, kwa kuwa hewa na nyaya lazima vipite juu ya dari. Jengo la makazi lililobanwa haliwezi kuwa ofisi kwa urahisi, lakini lililoinuliwa kidogo linaweza kuwa vyote viwili. Lakini tuwe wakweli kuhusu gharama. Chukua kiwanja ambacho sheria inaruhusu jengo lisilozidi mita 30. Ukitumia mita 3 kutoka slabu hadi slabu, unapata ghorofa 10. Ukiongeza sentimita 30 tu kwa kila moja, unapata 9. Mwekezaji anakuwa amepoteza sehemu ya kumi ya eneo la kuuza, kwa ajili ya mtu atakayelibadilisha jengo miaka 40 ijayo. Usimwite mchoyo akikataa. Atakayefaidika na zile sentimita 30 ni mtu mwingine, na soko halina njia rahisi ya kuufikisha mkono wa mtu huyo kwenye mkataba wa leo.

Kisha kuna mzigo. Viwango vya uhandisi vya Ulaya huitaka sakafu ya makazi ibebe takriban kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, ofisi kilo 200 hadi 300, na stoo au chumba cha makabati ya vitabu kilo 750 au zaidi. Sakafu iliyokadiriwa kwa vitanda haiwezi kupokea maktaba bila kuimarishwa. Hii ndiyo sababu maghala na viwanda vya zamani vimegeuzwa kwa urahisi kuwa nyumba, shule na majumba ya sanaa: vilijengwa kubeba mizigo mizito, dari ziko juu, na madirisha ni makubwa kwa kuwa zamani mwanga wa kufanyia kazi ulitoka nje. Kituo cha umeme cha Bankside mjini London kilizimwa mwaka 1981 na kufunguliwa mwaka 2000 kama jumba la sanaa la Tate Modern. Stesheni ya Orsay ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1900, ilikuwa makumbusho kufikia 1986. Waliojenga hawakuwa na ndoto yoyote ya sanaa. Walijenga kwa ukarimu wa vipimo, na ukarimu huo ukarithiwa.

Kina cha jengo husahaulika zaidi, na kinaumiza zaidi. Mwanga wa dirisha huingia ndani kwa manufaa hadi takriban mara mbili au mbili na nusu ya urefu wa kilele cha dirisha kutoka sakafuni, yaani mita 6 au 7 kwa dirisha refu linalokaribia mita 3. Jengo lenye madirisha pande mbili na kina cha mita 13 au 14 linaweza kuwa karibu chochote. Minara mingi ya ofisi ilijengwa na kina cha mita 35 au 40 kwa kutegemea taa na viyoyozi. Baada ya mwaka 2020, wafanyakazi wengi walipoanza kufanyia kazi nyumbani, miji mingi ilitazama ofisi zake tupu na kuuliza kwa nini zisigeuzwe makazi. Jibu lilikuwa hapohapo katikati ya sakafu: nani atalala kwenye chumba kilicho mita 15 kutoka dirishani? Ongeza kwamba vyoo vyote vya ofisi vimekusanywa mahali pamoja karibu na lifti, wakati kila nyumba inahitaji bafu na jiko lake, na utaona kwa nini baadhi ya minara hiyo hutobolewa ua katikati ili mwanga uingie, na mingine huachwa.

Nafasi kati ya nguzo nayo ina hekima yake. Takriban mita 8 huwafaa wengi: magari matatu huegeshwa kati ya nguzo mbili, juu yake nafasi hiyohiyo hugawika vyumba viwili vya kulala, au hubaki ukumbi mmoja wa ofisi. Nikigusia magari, jengo la maegesho lenye sakafu za mteremko halitakuwa kitu kingine hadi siku ya kubomolewa. Likijengwa na sakafu bapa na njia ya kupandia iliyo pembeni, mlango wa kesho umeachwa wazi.

Na la mwisho kwa fundi: mkondo wa mabomba, yaani shimo la wima linalopitisha mabomba kutoka ghorofa hadi ghorofa. Uwe mpana kuliko unavyohitajika leo, uwe na mlango, na mlango huo ufungukie korido ya wote, kamwe usiwe ndani ya chumba cha mtu. Mkondo ulio ndani ya bafu la mpangaji wa ghorofa ya tatu unamaanisha kwamba ukarabati wa ghorofa ya tano unategemea kama mpangaji huyo yuko nyumbani.

Kuta zinazosogea

Niliahidi kuzigusa. Nyumba ya Rietveld Schröder mjini Utrecht, Uholanzi, iliyojengwa mwaka 1924, ina ghorofa ya juu ambayo huwa ukumbi mmoja mchana na vyumba kadhaa usiku kwa kusukuma kuta nyepesi. Inafanya kazi vizuri, na sababu moja ni kwamba mwenye nyumba, Truus Schröder, aliibuni pamoja na msanifu Gerrit Rietveld na akaishi humo mwenyewe hadi kifo chake mwaka 1985. Alizijua kuta zake. Kwingineko kuta za kuteleza hupitisha sauti, reli zake hujaa vumbi, na baada ya mwaka wa kwanza huachwa pale zilipo. Nafuu zaidi ni ukuta wa jipsamu usiosogea, ambao fundi anaweza kuubomoa kwa siku moja bila kumwamsha jirani.

Kuna pia kosa la kutoa uhuru kupita kiasi. Jumba la Pompidou mjini Paris, la Renzo Piano na Richard Rogers, lilifunguliwa mwaka 1977 likiwa na sakafu pana zisizo na nguzo hata moja katikati, mitambo yote ikiwa imetolewa nje ya jengo. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1985, msanifu Gae Aulenti aliitwa ajenge humo kumbi zenye kuta za kudumu, kwa kuwa picha za kutundikwa zilihitaji ukuta. Na mabomba ya nje, ambayo kweli hufikika kwa urahisi, hunyeshewa mvua mwaka mzima. Jumba lilifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati mkubwa wa miaka kadhaa. Silitaji kwa kulidharau, nalipenda sana jengo lile. Lakini nafasi tupu haimsaidii mtu kuamua. Watu hubadilisha kwa urahisi kitu ambacho tayari kina umbo, kuliko kuanza na utupu.

Nusu iliyo ngumu

Katika makazi, mtu aliyefikiri mbali zaidi ni msanifu Mholanzi John Habraken. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ulaya ikijenga maelfu ya nyumba zinazofanana, alisema tatizo si kufanana kwa kuta. Tatizo ni kwamba mkaaji amenyang'anywa uamuzi. Akapendekeza jengo ligawanywe kwa mstari wa nani anaamua: kiunzi, ngazi na mabomba makuu ni ya jamii, na vyote vilivyo ndani ya nyumba ni vya mkaaji. Jengo la majaribio la NEXT21 mjini Osaka, lililokamilika mwaka 1993, liliufuata mstari huo kikamilifu: nyumba 18 ndani ya kiunzi kimoja, zilizobuniwa na wasanifu 13 tofauti, zenye sakafu zilizoinuliwa ili mabomba yapite chini yake. Nyumba kadhaa zimekwisha kubadilishwa ndani huku jirani akiendelea kuishi.

Lakini jaribio lililonigusa zaidi lilifanyika mahali ambapo pesa hazikutosha. Huko Iquique, kaskazini mwa Chile, karibu familia 100 zilikuwa zimeishi kwa miongo kwenye kiwanja cha katikati ya mji bila hati. Ruzuku ya serikali ilikuwa takriban dola 7,500 kwa kila familia, kwa ajili ya ardhi, miundombinu na nyumba. Kwa kiasi hicho ungepata nyumba nzima nje kabisa ya mji, au nyumba ndogo sana palepale. Kampuni ya usanifu ya Elemental, chini ya Alejandro Aravena, ilichagua njia ya tatu mwaka 2004: ilijenga nusu ya nyumba nzuri.

Ni nusu ipi? Ile ambayo familia isingeweza kujijengea kwa usalama: kiunzi, ngazi, bafu, jiko, na kuta nzito za kuzuia moto usivuke kwa jirani. Kando ya kila nusu iliyojengwa kuliachwa pengo tupu, na kiunzi kilikadiriwa tangu mwanzo kwa nyumba iliyotimia. Ukitazama picha za mwaka wa kwanza unaona safu ya meno yenye mapengo. Katika picha za miaka iliyofuata mapengo yamejaa, kila moja kwa rangi yake, dirisha lake, mbao au tofali zake. Wapo waliokosoa, wakisema mzigo wa kujenga umesukumiwa kwa maskini, na hoja hiyo ina uzito: kuna nusu zilizojengwa vizuri na nyingine zilizojengwa kwa wasiwasi. Mimi naona kwamba familia zile zingeongeza vyumba kwa vyovyote vile, kama watu wanavyofanya kila mahali. Tofauti ni kwamba hapa vyumba viliongezwa juu ya mihimili iliyokuwa ikivisubiri.

Mkataba nao ni sehemu ya jengo

Nirudi kwenye ruhusa. Hospitali ni majengo yanayobadilika kwa kasi ya kutisha: mashine mpya ya uchunguzi inaweza kudai chumba kikubwa zaidi na sakafu nene zaidi kabla jengo halijamaliza kupakwa rangi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hospitali ya Insel mjini Bern, Uswisi, ilipotaka jengo jipya la upasuaji na huduma za dharura, iliamua kutotoa kazi yote kwa timu moja. Iligawa mradi katika ngazi tatu, kila ngazi na wabunifu wake: kiunzi na ngozi ya nje kwa ajili ya miaka 100 hivi, vyumba na mitambo mikuu kwa miaka 20 hivi, vifaa na samani kwa miaka michache. Timu ya kwanza ilibuni kiunzi bila kujua vyumba vitakaaje. Ililazimika kuacha kwenye slabu sehemu zinazoweza kutobolewa baadaye, kwa sababu haikuwa na namna ya kubahatisha. Kutojua kuligeuzwa kuwa sharti la kazi, na nadhani ni uamuzi wa busara kuliko teknolojia yoyote niliyoitaja.

Hata jengo lililobuniwa bila fikra hizi bado linaweza kusaidiwa. Katika mtaa wa Grand Parc mjini Bordeaux, nyumba 530 katika majengo matatu ya zamani zilikuwa na madirisha madogo na vyumba vilivyobana. Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na wenzao, waliegemeza kiunzi kipya nje ya majengo hayo, kikiipa kila nyumba chumba cha kioo na baraza la kina cha karibu mita 4. Kazi ilikamilika mwaka 2017, na wakaaji hawakuhamishwa wakati wa ujenzi. Kumbuka kwamba utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na kwamba taka za ujenzi na ubomoaji ni zaidi ya theluthi ya taka zote za Umoja wa Ulaya. Kila kiunzi kinachobaki kimesimama ni saruji ambayo haikuchomwa tena.

Limebaki jambo moja dogo ambalo huua majengo mengi: hakuna anayejua ndani yake mna nini. Kuna slabu zinazojengwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa kwa nguvu kubwa ndani ya zege. Huwa nyembamba na hubeba vizuri, lakini ukiukata waya mmoja kwa kutoboa ovyo, nguvu ile hufyatuka na sakafu hupoteza sehemu ya uwezo wake. Kama michoro imepotea, mhandisi mwangalifu atakataa tundu lolote, hata la bomba la kipenyo cha ngumi, mpaka slabu ipigwe picha kwa vifaa maalumu. Nimeona watu wakitumia wiki nzima kutafuta ramani za jengo lililojengwa miaka 20 tu iliyopita, wakaishia kubuni njia nyingine ndefu na ya gharama.

Dawa yake haihitaji msanifu mashuhuri. Kabla ya lipu kupigwa, piga picha kila ukuta ukiwa na futikamba iliyonyooshwa kutoka kona hadi bomba na kutoka sakafu hadi waya. Andika tarehe na jina la chumba. Nakala moja ibaki kwa mwenye jengo, nyingine iwekwe ndani ya boksi la swichi kuu, mahali ambapo fundi yeyote atafungua kwanza. Siku kiungo kitakapochoka, patasi itashuka kwenye kigae kimoja.